Sikukuu za Mji wa Makabila Mengi: Somo kwa Waislamu wa Pwani Wakaao Iringa

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyewaumba wanaadamu mataifa na makabila ili wajuane, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake. Ama baada ya haya: somo hili ni katika khabari ya sikukuu, ipi ni ya Mwislamu na ipi si yake, na nini kimpasacho akaapo katika mji wenye dini nyingi na kabila nyingi. Na mji uliochukuliwa kuwa mfano ni Iringa, kwa sababu watu wa pwani wamehamia huko tangu zamani, na mas-ala ya sikukuu huko ni mengi.

Mtu atokaye Bagamoyo, au Kilwa, au Tanga, akapanda bara hata akafika Iringa, huukuta mji wa baridi ulio juu ya kilima, karibu mita 1,600 juu ya bahari, na humo huwakuta watu wa namna nyingi. Wenyeji ni Wahehe. Na pamoja nao wako Wabena na Wakinga, na Wahindi wa madhehebu mbali mbali, na Waarabu na Mabaluchi, na watu wa pwani kama yeye. Wajerumani waliujenga mji huo mwaka 1896, baada ya kuivunja ngome ya Mkwawa huko Kalenga mwezi wa Oktoba 1894. Na dola ile ilipopanda bara ilifuatana na askari na wapagazi na makarani na wachuuzi, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Wamisionari nao hawakukawia: Wabenediktini wa Kijerumani walikaa Tosamaganga, na baada ya Vita Vikuu vya kwanza wakaja mapadre wa Konsolata kutoka Italia, na Walutheri wa Misheni ya Berlin walikuwa wamekwisha jenga vituo vyao. Basi mji mmoja ukawa na Idi mbili na Maulidi, na Krismasi na Pasaka, na Diwali ya Mabaniani, na matambiko ya wenyeji. Na juu ya hayo zikaja sikukuu za serikali.

Mtu wa pwani akifika katika mji kama huo huuliza maswali matatu. Je, ale chakula cha majirani katika sikukuu zao? Je, awaendee? Je, awape salamu na kuwatakia heri? Na haya ni maswali mema, na majibu yake yatakuja. Walakini liko swali la nne ambalo haliulizi, nalo ndilo kubwa: katika mambo anayoyafanya yeye mwenyewe siku ya sikukuu yake, yepi ni dini na yepi ni ada ya pwani tu? Na yafaa kuanza na hilo asiloliuliza, kwani asiyeijua mipaka ya shamba lake hawezi kuijua mipaka ya shamba la jirani.

Fasili katika asili ya Idi mbili

Amepokea Anas bin Malik (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta wenyeji wana siku mbili katika mwaka za kucheza na kufurahi, walizozirithi tangu zama za ujahili. Mtume hakuwaambia wasifurahi. Aliwapa khabari ya kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku mbili bora kuliko hizo, Idi ya kuchinja na Idi ya kufungua. Hadithi hii imo katika vitabu vya Abu Daud na Nasai. Na katika kule kubadilisha mna mambo mawili. La kwanza ni kuwa furaha haikuondolewa. Nafsi ya mwanaadamu ina haki ya kupumzika, na dini imeijua haki hiyo. La pili ni kuwa kilichobadilishwa hakikai pamoja na kilichokuja mahali pake: mtu akibadilishiwa shilingi mbovu kwa nzima hairejeshi ile mbovu mfukoni akazitumia zote mbili.

Wafafanuzi wa Hadithi wamesema ya kuwa siku mbili hizo zilikuwa Nairuzi na Mihrajani, sikukuu za Waajemi. Na hapa mtu wa pwani yampasa asimame kidogo ajitazame. Kwani Siku ya Mwaka, ambayo mababa wa pwani waliishika kwa karne nyingi, ndiyo hiyo Nairuzi: mwaka wa jua wa siku 365, wenye asili ya Uajemi, ambao mabaharia na wakulima waliuhesabia misimu ya pepo na ya kupanda. Makunduchi, kusini ya Unguja, ingali ikifanywa mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa magogo ya migomba, na kibanda cha makuti hutiwa moto. Na katika miji mingine ya pwani ilikuwa ada ng'ombe kuzungushwa mji mzima huku watu wakisoma, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa, ili mji uepukane na maradhi na shari. Yako katika hayo yasiyo na dhara, kama kuhesabu mwaka na kuoga baharini na kula pamoja. Na yako ambayo wanavyuoni hawakuacha kuyakataza, nayo ni kuitakidi kwamba damu ya ng'ombe yule au moto wa kibanda kile huondoa balaa. Basi mtu ambaye babu yake alimfuata ng'ombe wa kuzungushwa mji, kisha akafika Iringa akamwona Mhehe anachinja kondoo penye makaburi ya wazee wake, akasema kuwa hawa ni watu wa giza, huyo hakukosea katika hukumu ya tambiko. Amekosea katika kujitoa nafsi yake nje ya hukumu ile ile.

Na khabari nyingine imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim. Siku ya Idi Mahabashi walikuwa wakicheza kwa ngao na mikuki ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akasimama akimsitiri Bibi Aisha (R.A.) naye akitazama, hata akatosheka mwenyewe. Sayyidna Umar (R.A.) alitaka kuwazuia, na Mtume akamwambia awaache. Na atazame msomaji: Mahabashi hawakuwa Waarabu, na mchezo wao ulikuwa wa kwao, si wa Makureshi wala si wa Ansari. Hawakuambiwa wajifunze kwanza mchezo wa Kiarabu ndipo wapate kufurahi kwa Idi. Waliingia na mikuki yao katika msikiti ulio bora baada ya ule wa Makka, na aliyetaka kuwafukuza ndiye aliyezuiwa.

Hutokea Mhehe akasilimu, akafunga Ramadhani yake ya kwanza, na ilipofika Idi akataka kuimba na kucheza kwa namna ya kwao. Akaambiwa na mtu wa pwani ya kuwa hiyo ni ngoma ya kikafiri. Na huyo amwambiaye, usiku wake atakuwa katika ngoma ya pwani yenye vishindo kuliko ile. Hakuna katika sharia ngoma ya Kiislamu kwa sababu ya kabila la waichezao. Imam Ghazali (aliyekufa 505 H) ameeleza katika Ihya ya kuwa ngoma za kupigwa ni mubaha ila ile iitwayo kuba, nyembamba katikati na pana pande mbili, kwa kuwa kuipiga kulikuwa ada ya makhanithi. Kinachotazamwa ni mambo mengine: je, kuna ulevi? Je, wanaume na wanawake wamechanganyika kwa namna ya haramu, au tupu zimefunuliwa? Je, nyimbo zinaomba mizimu? Je, Sala imepotea? Yakiwamo hayo, ngoma ni haramu hata ikiwa imechezwa mbele ya msikiti wa Pangani. Yasipokuwamo, haiwi haramu kwa kuwa imechezwa Kihesa.

Na kadhalika mavazi. Sunna ya Idi ni kuoga, na kujitia manukato, na kuvaa kilicho bora katika nguo za mtu, na kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na kula tende kwa witiri kabla ya Sala ya Idi ya kufungua. Sala yenyewe ni rakaa mbili, yenye takbira saba katika ya kwanza baada ya takbira ya kuhirimia, na tano katika ya pili baada ya takbira ya kuinuka. Hizo ndizo za dini. Kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono ni vazi zuri la pwani, na mwenye kulivaa ana uzuri wake. Walakini aliyevaa koti zito la sufi kwa baridi ya Juni hana upungufu, na Idi yake si ndogo kuliko ya mwenye kanzu. Wala pilau si nguzo ya Idi, ingawa wako wanaoitafuta kwa bidii kuliko takbira.

Mas-ala ya zakatulfitri

Hapa ndipo ada ya pwani hudhuru kweli kweli, kwani si vazi tena bali ni faradhi. Zakatulfitri katika madhehebu ya Imam Shafi ni pishi moja ya chakula kikuu cha mji alipo mtu wakati jua linapokuchwa siku ya mwisho ya Ramadhani. Pishi hiyo ni mudi nne, kama pishi ya pwani ilivyo vibaba vinne, na leo hukadiriwa kilo mbili na nusu. Basi chakula kikuu cha Iringa ni nini? Ni mahindi. Mtu wa pwani akaaye huko hutafuta mchele kwa sababu kwao hutolewa mchele; na si vibaya, kwani ruhusa iko ya kutoa kilicho bora kuliko chakula cha mji. Ubaya ni kumwambia maskini mwenye gunia la mahindi nyumbani kwamba fitri yake haisihi mpaka anunue mchele dukani. Hilo si neno la Imam Shafi, ni neno la pwani.

Na liko kosa la upande wa pili. Baadhi ya watu hutoa unga, wakiona kuwa ugali ndio chakula na unga ndio ugali. Katika madhehebu yetu unga hautoshi. Inapasa nafaka nzima, kwani nafaka yaweza kuwekwa, na kupandwa, na kusagwa, na unga una njia moja tu. Na anayetoa fedha yampasa ajue kuwa hayo ni madhehebu ya Imam Abu Hanifa, si ya Imam Shafi.

Fasili katika Maulidi na mwezi mwandamo

Katika Maulidi maneno ni mengi na yamekwisha semwa mara nyingi. Hapa ni machache. Kusherehekea siku ya kuzaliwa Mtume (S.A.W.) hakukuwako katika karne tatu za kwanza. Mfalme Mudhaffar wa Irbil, aliyekufa 630 H (1233), ndiye aliyesifika kwa kukufanya kukubwa. Na Abu Shama, mwalimu wa Imam Nawawi, alikusifu, na Ibn Hajar wa Askalani akakutafutia asili katika saumu ya Ashura, na Suyuti akaandika kitabu kukutetea. Msomo wa Barzanji, ambao pwani nzima husomwa, mtungaji wake alikuwa mufti wa Kishafi wa Madina. Basi Maulidi ni jambo jema katika yaliyozushwa, kwa sharti ya adabu. Lakini jambo jema si faradhi. Mwislamu mpya wa Kalenga asiyejua kuitikia kasida kwa Kiarabu hana upungufu wa imani; na yafaa asomewe sira ya Mtume kwa lugha aifahamuyo, kwani ndiyo iliyokusudiwa. Na jirani asiye Mwislamu akija akakaa nje ya mlango, apewe sahani yake kwa heshima, wala asiachwe mpaka mwisho.

Ama mwezi mwandamo, khabari yake inatia uchungu. Mji mmoja, na mtaa mmoja, na pengine nyumba moja, huwa na Idi mbili: hawa wamesikia umeonekana katika nchi ya mbali, na wale wanangoja tangazo la Mufti na BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968. Jirani Mkristo akiuliza Idi ni lini, hupewa majibu mawili, na kila mjibu humcheka mwenzake. Kuraib alikwenda Sham akaona mwezi usiku wa Ijumaa, aliporudi Madina Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kwamba wao waliuona usiku wa Jumamosi, nao watafunga mpaka wauone au watimize thalathini, wala hawatatosheka na kuona kwa Muawiya. Hadithi hii ni ya Muslim, na juu yake maulamaa wa Kishafi wamejenga hukumu ya kuwa nchi zilizotengana matlai zake kila moja ina mwezi wake. Na wako maulamaa wa madhehebu mengine wasemao mwezi ukionekana popote huwapasa wote. Hao nao wana dalili, na haifai kuwaita wapotevu.

Walakini iko hukumu ambayo wasafiri wengi hawaijui: aliyeanza kufunga katika mji mmoja akasafiri mpaka mji mwingine ambao mwezi haukuonekana, huwafuata watu wa huko alikofika katika kufunga kwao, hata ikiwa yeye amekwisha timiza thalathini. Sharia imemtaka mgeni awe pamoja na wenyeji. Na aliyeuona mwezi wa Idi peke yake, na ushahidi wake usikubaliwe, hufungua kwa siri. Kwa siri! Hatoki na ngoma kuwafungulisha watu. Na asidhani mtu kuwa haya yamewapata Waislamu peke yao: Wagiriki wa mashamba ya tumbaku waliokuwako Iringa, ambao wengi wao waliondoka katika miaka ya baada ya 1967, miaka mingi Pasaka yao haikukutana na Pasaka ya Tosamaganga, kwa kuwa hesabu zao za kalenda ni mbali mbali.

Fasili katika sikukuu za majirani

Sasa yaja maswali matatu. Na msingi wake ni huu: katika sikukuu ya mtu asiye Mwislamu mna mambo ya namna tatu, nayo yasichanganywe. Mna ibada yake. Mna ada yake. Na mna haki ya ujirani. Ibada yake ni yake peke yake, Mwislamu haiingii. Ada yake hutazamwa kwa mizani ya halali na haramu. Haki ya ujirani ni juu ya Mwislamu, wala haiondolewi na tofauti ya dini. Asma binti Abi Bakr (R.A.) alijiwa na mama yake naye angali mshirikina, akamwuliza Mtume kama amwunge, akaamrishwa amwunge. Sayyidna Umar alipewa joho la hariri, akampelekea ndugu yake mshirikina aliyekuwa Makka. Na Abdallah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, neno alilouliza ni kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa.

Katika chakula, mas-ala yote yamo katika kisu. Chakula cha Ahlul-Kitabi ni halali kwa nassi ya Kurani. Walakini maulamaa wa Kishafi wameshurutisha, kwa wasio wana wa Israili, ijulikane kuwa wazee wao waliingia katika dini hiyo kabla ya kufutwa na kubadilishwa kwake. Na Mkristo wa Iringa ambaye babu yake alibatizwa zama za Wajerumani hatimizi sharti hiyo. Kwa hiyo mfuasi wa Imam Shafi hali alichokichinja yeye, na wa madhehebu mengine aweza kukila. Yafaa jambo hili lielezwe kwa upole, kwani ni hukumu ya kisu, si tusi kwa mwenye kisu. Na uungwana wa watu wa Tanzania umekwisha litatua tangu zamani: Mkristo akiwa na arusi au sikukuu, na akitaka wageni wake wote wale, humwita Mwislamu amchinjie. Huyo amefanya ihsani kubwa, na mwenye kuitwa asione uzito kwenda, wala asidai ujira kama adaiye haki yake. Mwaka 2013 huko Buseresere, Mkoa wa Geita, ugomvi wa kuchinja ulifika hata mchungaji mmoja akauawa. Na kumwaga damu ya mtu kwa ajili ya nani achinje ng'ombe ni jambo ambalo hakuna kitabu cha fikihi kilichopata kuliruhusu.

Baada ya kisu ni chungu. Nguruwe hufugwa na kuliwa sana katika nyanda hizo, na masufuria makubwa ya sherehe huazimwa nyumba kwa nyumba. Sufuria iliyojulikana kwa yakini kuwa ilipikiwa nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa mchanga safi. Ama ile ambayo haikujulikana, asili yake ni tohara, wala haifai kumwuliza jirani maswali ya kumdhili. Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke wa Kinasara, na Imam Shafi amelitaja hilo katika Umm.

Na baada ya chungu ni ulanzi. Mvua zinapokuja, mianzi michanga hukatwa kichwa, na maji yake hukingwa kwa kikombe cha mwanzi. Na hiyo ndiyo pombe ya Krismasi na ya Pasaka kwa Wahehe. Watu wa pwani wajua khabari hii kwa mnazi: tembo likiwa tamu, halijachacha, ni kinywaji halali, na likichacha ni haramu, tone moja na mtungi mzima ni sawa. Hukumu ya ulanzi ni hiyo hiyo. Ule mtamu, uitwao mtogwa, ni halali maadamu haulevyi. Na tahadhari iliyopo ni kwamba maji yale huanza kuchacha upesi, pengine ndani ya chombo cha kukingia. Basi asiyeweza kuyapambanua aache, na ajuaye anywe ya asubuhi hiyo. Na mtu akaribishwaye asikae katika meza inayozungushwa pombe, hata ikiwa yeye anakunywa chai. Imekuja Hadithi ya kukataza hilo. Awaendee jamaa mapema, ale, asalimu, aondoke kabla ya mtungi kufika.

Katika Diwali, Mabaniani huwapelekea jirani zao sahani za halwa na vitafunio visivyo na nyama. Hivi vyaliwa, ila kilichojulikana kuwa kimewekwa mbele ya sanamu kwa ibada, hicho chaachwa. Abu Barza (R.A.) alikuwa na majirani Majusi waliomletea zawadi siku ya Nairuzi, naye akiwaamuru ahli zake wale matunda na kilicho kinginecho wakirudishe. Hiyo ni Nairuzi ile ile; zawadi yake ilipokelewa, na sikukuu yake haikufuatwa.

Ama salamu na pongezi, maulamaa wa zamani wa madhehebu yetu walikaza. Khatib Shirbini ameandika ya kuwa anayewafuata wasio Waislamu katika sikukuu zao, au akawapongeza kwazo, hutiwa adabu. Ibn Hajar wa Haitami (aliyekufa 974 H) ameipambanua hali ya mwenye kujifananisha nao: akikusudia kuwafuata katika alama ya ukafiri, amekufuru, akikusudia alama ya sikukuu tu, amepata dhambi, na asipokusudia kujifananisha hata kidogo, hana lawama. Na katika zama hizi Darul-Ifta ya Misri imeruhusu kuwapongeza kwa njia ya ihsani. Lililo karibu na salama ni kwamba mtu amtakie jirani yake uzima na baraka ya watoto, na asalimu kwa uso mkunjufu, asitamke neno la kukiri itikadi isiyo yake. Ama kuingia kanisani kushiriki katika misa, au kubeba alama ya ibada yao, hilo halina njia. Na anayenuna siku nzima, akafunga mlango watoto wa jirani wasiingie, akadhani kuwa amelinda dini, huyo ameacha wajibu mmoja bila ya kutimiza mwingine.

Nyama ya udhuhia nayo huulizwa: je, apewe asiye Mwislamu? Iliyo wajibu, kama ya nadhiri, hapewi. Ya sunna, Imam Nawawi katika Majmuu ameona kuwa madhehebu yaruhusu kumlisha dhimmi, na wengine baada yake wakakataa. Kwa watu wakaao mtaa mmoja na Wahehe na Wabena, kauli ya Nawawi ina nafasi, na fungu la jirani lisisahauliwe.

Sikukuu za serikali hazina uzito. Saba Saba na Nane Nane ni siku za biashara na kilimo, si za ibada, na kuzihudhuria ni mubaha. Atokaye Iringa kwenda Mbeya kwa maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale amesafiri zaidi ya kilomita 300, na aweza kupunguza Sala na kuzikusanya, ikiwa hakunuia kukaa siku nne kamili mbali na ya kufika na ya kuondoka. Wala si ibada kumkumbuka shujaa. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alirudisha Kalenga kichwa cha Mkwawa, aliyekufa 1898, akakipokea mjukuu wake Adam Sapi. Na siku kama hiyo, ng'ombe akichinjwa kwa furaha ya kuwapokea wageni, na jina la Mwenyezi Mungu likatajwa, nyama yake ni halali. Rafii aliulizwa juu ya kinachochinjwa wakati wa kumpokea Sultani, akasema ni furaha ya kufika kwake, mfano wa akika ya mtoto. Haramu ni kumchinjia mtu kwa kumtukuza kama atukuzwavyo Mungu.

Na hapo ndipo penye tambiko, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwani haliji kwa jirani. Laja kwa baba. Kijana wa Kihehe amesilimu, na wazee wake hawakusilimu. Ukoo wakutana makaburini, kondoo amefungwa, na mtoto asiyekuja huhesabiwa kuwa ameukata ukoo. Wengine katika watu wa pwani humwambia asikanyage kwao tena. Neno hilo ni kinyume cha Kurani, ambayo imeamuru mtoto akae na wazazi wake kwa wema hata wakimshurutisha ushirikina, isipokuwa asiwatii katika ushirikina huo. Wengine humwambia aende, ale, kwani ni mila tu. Na hilo nalo ni kinyume, kwani kilichochinjwa kwa ajili ya mizimu ni haramu kwa ijmai, na kuwaomba waliokufa walete mvua ni kumwomba asiyemiliki.

Basi aende kwao, si makaburini. Aende kabla ya siku hiyo au baada yake, achukue sukari na nguo ya mama, akate kuni, akae na baba yake. Wazee wakimtaja Mungu kwa jina la Nguluvi, asiwakataze kwa sababu ya jina, kwani hata Waswahili hawamwiti kwa Kiarabu siku zote. Awaeleze tu ya kuwa huyo huyo Nguluvi huombwa bila ya mtu wa kati. Akiulizwa kwa nini hali nyama ya kondoo, aseme kwa adabu kwamba dini yake imemkataza, wala asikiite chakula cha baba yake uchafu. Na wazee wengi wa huko wana uungwana: wakijua mtoto wao anakuja, humwekea kuku mzima, amefungwa miguu kando ya jiko, amchinje mwenyewe kwa Bismillahi. Kuku huyo ni halali, na kumla pamoja nao ni katika kuunga jamaa. Wallahu aalam.